Krapf: Mjerumani aliyepanga Kiswahili herufi kwa herufi

Muulize mwanafunzi yeyote wa Ogembo Johann Ludwig Krapf alikuwa nani. Atakujibu kabla hujamaliza swali: Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Rebmann ni Kilimanjaro, Krapf ni Kenya. Tulilikariri hilo sote, tukapata maksi, tukafunga daftari.

Sawa, mlima aliuona. Wakamba na Wakikuyu walikuwa wakiuona kila asubuhi kabla hajazaliwa, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Shida ni kwamba ukipima maisha ya huyu jamaa kwa saa alizotumia, mlima ni kitu kidogo sana. Kilichomla miaka ni maneno. Neno la Kiswahili upande huu, maana yake kwa Kiingereza upande ule, kutoka A hadi mwisho wa alfabeti. Kazi hiyo aliianza Mombasa akiwa na miaka 34. Alipofariki akiwa na miaka 71, kitabu kilikuwa bado hakijatoka.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya historia hulirukaruka. Kiingereza hakikuwa lugha yake. Alikuwa Mjerumani, mtoto wa mkulima kijijini, na Kiingereza alikipata baada ya kuhangaishwa kwanza na Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Kwa hiyo wewe unayekesha na orodha ya misamiati ya Kiingereza, leo maneno yanayoanza na B, kesho ya C, huku nyumbani mama anakuita kwa Ekegusii na kondakta wa matatu ya Kisii anakudai nauli kwa Kiswahili, jua kwamba kamusi kubwa ya kwanza ya Kiswahili na Kiingereza iliandikwa na mtu wa hali kama yako.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen. Wakati huo hapakuwa na nchi moja inayoitwa Ujerumani. Kwao kulikuwa ufalme mdogo wa Württemberg. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi, jirani alimpiga vibaya sana akimdhania kuwa mvulana mwingine. Kipigo ambacho hakikuwa chake kilimlaza kitandani karibu nusu mwaka. Wewe ungekuwa na simu. Yeye alikuwa na Biblia, akaisoma na kuirudia mpaka watu wa nyumbani wakaanza kuona kwamba huyu hatakuwa mkulima.

Alipopona alipelekwa shule ya mjini. Huko alipata ramani ya Afrika, akashangaa. Upande wa mashariki ulikuwa karibu mtupu, majina machache yametawanyika kama kuku waliofunguliwa. Alipoulizauliza, mwenye duka la vitabu alimwazima kitabu cha safari za James Bruce, Mskoti aliyetembea Uhabeshi karne ya 18. Kuanzia hapo akili ya kijana ilikuwa imeshaondoka Derendingen.

Alipitia chuo cha wamisionari cha Basel kule Uswisi, akasoma theolojia Tübingen, akahudumu kanisani kidogo, kisha akajiunga na CMS, chama cha wamisionari cha Kanisa la Uingereza. Hapo ndipo Kiingereza kikawa lugha ya mkate wake. Bosi yuko London, ripoti ni kwa Kiingereza, maombi ya pesa ni kwa Kiingereza. Mwaka 1837 wakamtuma Uhabeshi, nchi tunayoiita Ethiopia leo.

Aliishi Shoa, kwa mfalme Sahle Selassie, akajifunza Kiamhari na Kioromo. Waoromo hasa ndio waliomkaa moyoni. Aliamini kwamba akiwapata hao, habari yake itaenea bara zima. Mwaka 1842 alishuka hadi Misri, akafunga ndoa na Rosine Dietrich mjini Alexandria, kisha wakaanza safari ya kurudi pamoja. Njia ya Shoa ikawa imefungwa. Wakabaki kutangatanga kati ya pwani ya Bahari ya Shamu na milima, na huko nyikani Rosine akajifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Mtoto hakuishi. Walimpa jina Eneba, neno la Kiamhari lenye maana ya chozi.

Mtu mwingine angerudi kwao. Krapf alifanya hesabu ya aina yake: Waoromo wameenea mpaka kusini, karibu na pwani ya Waswahili, kama mlango wa kaskazini umefungwa, nitazunguka niingie kwa mlango wa nyuma. Basi Mombasa kwake haikuwa mwisho wa safari. Ilikuwa stendi ya kubadilishia gari tu. Kiswahili nacho kilikuwa lugha ya njiani.

Walifika Unguja Januari 1844. Sultani Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa magavana wake wa pwani, na mwezi Mei Krapf na Rosine wakahamia Mombasa. Mnamo Juni 8, wiki chache tu baada ya kufika, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Wiki chache! Hata kwa mtu mwenye kipaji, hiyo ni haraka ya kutisha, na hakuifanya peke yake. Aliketi na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohidin.

Hebu tulia hapo kidogo. Mmisionari amekuja kuhubiri Ukristo. Anayemsaidia kutafuta maneno ya Kiswahili ya kuelezea uumbaji ni hakimu wa Kiislamu, msomi wa Kiarabu, mtu mwenye heshima zake mjini. Hakuna aliyemlazimisha. Krapf alikuwa na maneno makali kuhusu Uislamu na aliyaandika bila kuficha, lakini Kiswahili chake cha mwanzo kilipita mikononi mwa mwanachuoni wa Kiislamu. Sura tatu za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki. Waliozisoma huko walikuwa wanasoma Kiswahili cha Mombasa, na nyuma ya Kiswahili hicho alikuwa Sheikh Ali.

Julai ikaja. Rosine alikuwa amejifungua tena, mtoto wa kike tena, na homa ikaingia nyumbani. Rosine akafa. Mtoto akafuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani, hajui kama atapona. Rosine alizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, na mumewe akawaandikia wakubwa wa London kwamba kaburi hilo ndilo alama ya kuanza kwa kazi, kwa hiyo walete watu wengine.

Ukisoma barua ya namna hiyo leo unaweza kusema jamaa alikuwa na moyo wa jiwe. Mimi sidhani. Mwezi mmoja nyuma alikuwa na mke na kazi. Sasa amebaki na kazi. Mgane mwenye homa, katika mji ambao hana ndugu, aliinuka akaendelea kuuliza watu: hiki mnakiitaje? Na kile?

Sasa tuje kwenye herufi, maana hapa ndipo ninapoona Krapf anafundisha kitu ambacho shule haikutuambia.

Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu. Tenzi, barua za biashara, mikataba, vyote. Krapf aliamua kutumia herufi za Kirumi. Sababu moja ilikuwa ya kiufundi: Kiarabu hakina herufi za sauti kama p, g na ch, na msomaji hulazimika kubahatisha. Sababu nyingine ilikuwa ya kidini, alitaka kuivuta lugha mbali na Uislamu. Ukibadilisha herufi, umebadilisha pia foleni ya maneno. Nani anasimama mbele, nani nyuma, nani jirani ya nani.

Mpangilio wa alfabeti ni kitu cha ajabu ukiufikiria. Kwa Kiingereza unafanya kazi vizuri kiasi, kwa sababu neno la Kiingereza hubadilika zaidi mkiani. Book, books, booking, bookshop: vyote viko pamoja kwenye B, kama familia iliyojenga boma moja. Hata hivyo Kiingereza nacho kina ujanja wake. Ukisikia know, knee au knife, sikio linakutuma N, kumbe wamejificha kwenye K. Anayejifunza kwa kusikia hapati kitu kwenye kamusi mpaka mtu mwingine amwonyeshe mlango. Krapf alijifunza Kiingereza kama mgeni, na naamini aliijua adha hiyo.

Kiswahili kinabadilika kichwani. Mtoto yuko M. Wakiwa wawili, wamehamia W. Utoto wao uko U, na ukimdharau mmoja ukamwita kitoto, amekwenda K. Mtu mmoja, herufi nne. Ekegusii ndiyo balaa zaidi. Omonto yuko O, abanto wako A. Omwana yuko O, abana wako A. Omogaka yuko O, abagaka wako A. Ukikusanya maneno ya Ekegusii na kuyapanga kwa herufi ya kwanza bila kufikiri, daftari lako litakuwa na O nene kama gunia, E nene kama gunia, A nene vilevile, na kurasa nyingine nyembamba tu. Obokima na omwana watakaa jirani, na hawana uhusiano wowote zaidi ya kwamba mmoja hula mwingine.

Mtunzi wa kamusi lazima aamue: neno nilipange kwa kiambishi chake au kwa mzizi wake? Msomaji nimweke kwenye M, anakotafutwa na mtu wa kawaida, au chini ya soma, alikozaliwa? Watunzi wa kamusi za Kiswahili wamebishana kwa vitendo hadi leo. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 ilikusanya watoto chini ya mzazi, chini ya kitenzi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Dar es Salaam, ya 1981, ikamrudisha kila mtu kwenye herufi yake ya kwanza. Krapf ndiye aliyelikuta tatizo hili katika Kiswahili kwa ukubwa wake, bila kuwa na kamusi nyingine nene ya kuchungulia.

Kitabu chake cha kwanza cha maneno kilitoka Tübingen mwaka 1850. Kilikuwa na lugha sita za Afrika Mashariki kwa pamoja, zikiwemo Kiswahili, Kikamba, Kipokomo na Kioromo. Huko Kiingereza ndicho kilichoongoza: neno la Kiingereza kwanza, kisha wenzake sita kwa safu. Ni kitabu cha faida, hasa kwa kulinganisha lugha. Ila kina ugonjwa wa orodha zote zinazoanzia Kiingereza. Kinauliza tu maswali ambayo Kiingereza kinajua kuuliza.

Chukua nazi. Kwa Kiingereza ni coconut, basi, iko C, neno moja linatosha. Mtu wa pwani anakuuliza, nazi ipi? Kuna kidaka, kuna kitale, kuna dafu la kunywa maji, kuna koroma ambayo si dafu tena na bado si nazi, halafu ndiyo nazi yenyewe. Tunda moja, majina matano, herufi tatu tofauti. Anayeanza na orodha ya Kiingereza hawezi kuyapata majina hayo, maana hajui kama kuna kitu cha kuuliza. Lazima aanzie upande wa pili.

Ndivyo kamusi yake kubwa ilivyofanya. Hapo Kiswahili kinatangulia, na Kiingereza kinafuata nyuma kikijaribu kueleza. Mara nyingi neno moja la Kiingereza halikutosha, basi Krapf akaandika sentensi, au aya nzima: chombo hiki cha baharini kikoje, chakula hiki hupikwaje, watu hufanya nini siku ya harusi. Kuna wataalamu wa baadaye waliolalamika kwamba ana maneno mengi mno. Kwangu hicho ndicho kizuri chake. Mtu aliyekariri kwamba neno hili maana yake ni lile, nukta, hajui lugha. Krapf alifika mahali akakubali kwamba Kiingereza chake kimefika ukingoni, akaanza kusimulia.

Lakini nisikimbie mbele. Mwaka 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani wa Württemberg kama yeye, na wakajenga kituo Rabai, milimani nyuma ya Mombasa. Mei 1848 Rebmann akaona theluji ya Kilimanjaro. Tarehe 3 Desemba 1849, Krapf akiwa Ukambani kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, mawingu yakafunguka akaona vilele viwili vyeupe. Aliandika jina kama alivyolisikia kwa Wakamba, Kegnia, na baadaye Kenia. Mlima ukapewa ramani, na mwaka 1920 koloni likapewa jina la mlima. Yaani herufi ya kwanza kwenye pasipoti yako inatokana na sikio la Mjerumani likimsikiliza Mkamba.

Wataalamu wa London walicheka. William Cooley, mwanajiografia aliyekuwa hajakanyaga Afrika Mashariki, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Walibishana naye kwa miaka.

Safari ya pili ya Ukambani, 1851, ilikuwa mbaya. Walishambuliwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia peke yake porini. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kubebea maji, basi akayajaza kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki. Alirudi Rabai akiwa mifupa. Unaona mtu wa namna hii akifa njaa kwa sababu ya mlima, na moyoni unajua kwamba kule nyumbani kuna madaftari ya maneno yanamngoja.

Waoromo, wale waliomleta huku chini, hakuwafikia kama alivyotaka. Mlango wa nyuma nao haukufunguka. Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa ile lugha ya njiani.

Mwaka 1853 afya ilimrudisha Ulaya, akaishi Korntal, karibu na Stuttgart. Mizigo yake ilikuwa na kitu kizuri: nakala za tenzi za kale za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ukiwemo utenzi mrefu wa Herekali. Alizikabidhi kwa chama cha wataalamu wa Mashariki huko Halle. Yaani yuleyule aliyetaka Kiswahili kiachane na herufi za Kiarabu ndiye aliyeokoa baadhi ya maandishi yake ya Kiarabu. Alirudi pwani 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe, na miaka michache baadaye akaenda Uhabeshi kama mkalimani wa jeshi la Waingereza, akaugua, akarejea. Alioa tena, akafiwa tena, akaoa tena. Kamusi iliendelea mezani.

Rebmann alibaki Rabai karibu miaka 29 bila kurudi kwao. Naye alikuwa mtu wa maneno. Kwa miaka alikaa na mtumwa mmoja aliyeitwa Salimini, mtu wa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, akaandika lugha yake neno kwa neno. Fikiria hilo. Mtu amenyang'anywa kwao, amefikishwa pwani mamia ya maili mbali, na kitu alichobaki nacho ambacho hakuna aliyeweza kumvua ni msamiati. Rebmann aliporudi Ulaya 1875 alikuwa kipofu. Alihamia Korntal, jirani na Krapf, akafa Oktoba 1876. Krapf akayachukua makaratasi ya rafiki yake, akayahariri, na kamusi ya lugha ya Salimini ikatoka mwaka uliofuata. Alimaliza kazi ya mwenzake kabla ya kumaliza yake.

Ya kwake ilimsumbua kwa sababu iliendelea kunenepa. Aliingiza maneno ya Rebmann, ya mwenzao Erhardt, na ya Edward Steere, askofu Mwingereza aliyekuwa Unguja na ambaye kitabu chake cha Kiswahili kilikuwa kimemtangulia sokoni tangu 1870. Krapf alionyesha pia neno gani ni la Mvita, lipi la Lamu, lipi la Unguja. Usidhani ni jambo dogo. Bila hilo, maneno mengi ya Kimvita ya zama zile tungekuwa tunayakisia tu.

Tarehe 26 Novemba 1881 walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi ilitoka London mwaka 1882, kurasa zaidi ya 400, na kwenye jalada lugha yetu imeandikwa Suahili, bila w. Jina la mtunzi ni moja. Sheikh Ali hayupo pale, wala wale wavuvi, wake za watu, watoto na wapagazi waliojibu maswali kwa miaka yote hiyo.

Kisha wakubwa wakafanya uamuzi uliomwacha pembeni. Krapf alijenga kamusi yake juu ya Kimvita. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa, mjini kwake mwenyewe, ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, njia aliyoifuata Steere. Ndiyo maana Kiswahili cha mtihani unachokifanya Ogembo ni jamaa ya karibu ya Unguja kuliko ya Mombasa, ingawa Mombasa iko nchini mwako. Vipi ingekuwa vingine? Sijui, lakini watu wa Mvita bado wana la kusema.

Krapf hakufika Gusii. Wamisionari wa Kikatoliki walifungua kituo Nyabururu mwaka 1911, miaka 30 baada ya kifo chake, na Waadventista wakafuata Nyanchwa. Walipoketi na wazee kuandika Ekegusii, swali lililowakabili lilikuwa lilelile la Rabai: omonto aende O, au aende kule mzizi wake unakoanzia?

Siku hizi mambo yamegeuka kidogo. Fungua kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, nenda S, utakuta safari. Nenda M, utakuta matatu. Sasa ni Mwingereza anayepaswa kuelezwa maana, na neno moja halimtoshi. Matatu ni basi dogo la abiria, ndiyo, lakini jaribu kumweleza mtu wa Stuttgart kuhusu makanga, muziki, na kule kupakia mtu wa kumi na tano. Utaishia kuandika aya, kama Krapf.

Mwaka 1925, mmisionari Binns, aliyekaa pwani ya Kenya miaka mingi, alichapishiwa toleo jipya la kamusi ile. Alirekebisha mengi, na jambo kubwa alilolifanya ni kupanga maneno upya. Krapf wakati huo alikuwa amelala Korntal zaidi ya miaka 40, si mbali na kaburi la Rebmann. La Rosine liko Mkomani, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na ukienda pwani wakati wa likizo unaweza kulifikia.